Boti Kongwe za Mfereji wa Erie na Siku Yao ya Mwisho

Mwaka 2018 tagi moja iliyoitwa Reliable ilitolewa katika mifereji ya jimbo la New York, Marekani, ikapelekwa Bahari ya Atlantiki na kuzamishwa kwa makusudi nje ya pwani ya Long Island. Jina hilo kwa Kiswahili ni “ya kutegemewa”, na kutegemewa ndiko kulikokuwa kazi ya tagi za mfereji: kuvuta matishari ya mawe na tope, kusogeza kreni zinazoelea, kuwafikisha mafundi kwenye malango yaliyoharibika. Haikwenda chini peke yake. Mwaka huo serikali ya jimbo iliamua kupanua miamba bandia ya samaki katika sehemu sita, kwa vifusi vya daraja la zamani la Tappan Zee pamoja na boti zilizostaafishwa za mifereji. Vyombo vilisafishwa mafuta na sumu kwanza. Maelezo ya serikali yalieleweka vizuri: samaki watapata makao, wavuvi watapata samaki, wazamiaji watapata pa kutembelea, na jimbo litaacha kugharimia vyombo ambavyo havifanyi kazi tena.

Waliolalamika walisema kilichozamishwa ni historia. Nawaunga mkono, ingawa si kwa hoja wanayoitanguliza. Wengi wao hushika umri: boti hii ni ya miaka themanini, kwa hiyo isiguswe. Umri peke yake hautoshi kuwa hoja. Chombo cha kazi huanza kufa siku kinapokosa kazi na kukosa mtu anayekijua, na siku hiyo hutangulia kuzamishwa kwa miaka kumi au ishirini. Anayetaka kujua kama mfereji unazitendea haki boti zake kongwe asianzie baharini. Ashuke kwenye chumba cha mashine, aangalie nani anaishika mashine na nani amesimama nyuma yake akijifunza.

Mfereji wa Erie umezaliwa mara tatu. Ulianza kuchimbwa mjini Rome, katika jimbo hilohilo la New York, tarehe 4 Julai 1817, na Oktoba 1825 ukawa umeunganisha Ziwa Erie na Mto Hudson. Ulikuwa na urefu wa kilomita 584, upana wa mita 12 na kina cha mita 1.2 tu, na boti zake zilivutwa na farasi na nyumbu waliotembea ukingoni. Gavana DeWitt Clinton alisafiri kutoka Buffalo ndani ya boti iliyoitwa Seneca Chief, akafika bandari ya New York na kumwaga baharini maji aliyoyachota ziwani. Mara ya pili mfereji ulipanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 1862. Mara ya tatu, baada ya wapiga kura kuidhinisha fedha mwaka 1903, jimbo lilijenga mfereji ulio karibu mpya kabisa, ukafunguliwa mwaka 1918.

Huu wa tatu ndio unaotuhusu. Sehemu yake kubwa iliingizwa ndani ya mito yenyewe, hasa Mto Mohawk. Mabwawa yakajengwa kuongeza kina, na malango yakafanywa makubwa, kila chumba kikiwa na urefu wa karibu mita 100 na upana unaozidi mita 13. Msomaji ambaye hajaona lango la namna hii afikirie chumba cha zege chenye milango miwili mizito. Boti huingia, mlango hufungwa nyuma yake, maji huachiwa yaingie au yatoke kwa uzito wake yenyewe, na chombo hupanda au kushuka hadi usawa wa maji ya upande wa pili. Pale Waterford, mfereji unapoachana na Hudson, malango matano yanafuatana kama ngazi na kuipandisha boti zaidi ya mita 50. Pamoja na matawi yake, yaani Champlain, Oswego na Cayuga-Seneca, mfumo mzima una kilomita 843 na malango 57.

Katika mfereji huu nyumbu hakuwa na pa kukanyaga. Kila kitu kilihitaji mashine. Tena mfereji unaopita mtoni una adui asiyelala, nalo ni tope. Kila mafuriko ya masika huleta mchanga, mawe na magogo, na njia iliyochimbwa mwaka jana huziba tena. Hivyo jimbo, lililokuwa mwenye mfereji, likajikuta mwenye meli pia. Lilihitaji dreja za kuchimba kina, kreni za kunyanyua milango ya malango, matishari ya kubeba udongo, boti za kuweka na kutoa maboya, boti za kulala mafundi wanaokaa mbali na kwao, na tagi za kuvuta hivi vyote kwa kuwa vingi havina injini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilijengwa Buffalo tagi mbili zilizopewa majina ya magavana Cleveland na Roosevelt, na karibu karne moja baadaye majina hayo yalikuwa bado yanaonekana kazini.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Meli ya mizigo ya baharini ikifika miaka 25 au 30, mwenyewe huanza kuulizia bei ya chuma chakavu. Imewezekanaje tagi za mfereji zifike themanini, tisini, hata mia?

Kwanza ni maji. Maji baridi, yasiyo na chumvi, hula chuma polepole mno kuliko bahari. Msomaji wa Kigoma hana haja ya kufundishwa jambo hili, kwani kwa miaka mingi ameishi na Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku kama 5,000 kupitia Dar es Salaam na kuungwa upya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ingekuwa imetumikia miaka yote hiyo kati ya Tanga na Unguja, bamba zake zingekuwa zimekwisha zamani.

Pili ni majira. Mfereji hufungwa kabla ya majira ya baridi na kufunguliwa Mei. Kwa miezi sita au zaidi tagi haiendi popote, na wale waliokuwa mabaharia kiangazi huwa mafundi wa meli kipupwe. Chelezo za Waterford na Lyons hutumia akili ileile ya malango. Boti huingizwa zikiwa zinaelea, milango hufungwa, maji huachiwa yateremke kwenye usawa wa chini, na vyombo hukaa taratibu juu ya magogo yaliyopangwa sakafuni. Huingizwa vingi kwa pamoja, kimoja kando ya kingine. Halafu mafundi wana miezi mizima ya kugonga kutu, kubadilisha bamba, kufungua mashine na kupaka rangi, bila mteja wa kuwaharakisha na bila kulipia chelezo ya mtu mwingine.

Sababu ya tatu haipendezi kuisema, nayo ni ukata. Jimbo halikununua boti mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa bado inawaka. Mfereji ulipitisha shehena yake kubwa kuliko zote, tani zipatazo milioni 5.2, mwaka 1951. Miaka minane baadaye njia ya Mto St. Lawrence ilifunguliwa, meli za baharini zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye Maziwa Makuu, na barabara kuu na reli zikachukua kilichobaki. Nani angeomba fedha za kuunda tagi mpya kwa mfereji unaopoteza mizigo? Boti kongwe zikaendelea kwa kuwa hazikuwa na mrithi. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kuhifadhi urithi huu. Ulihifadhiwa na kazi, na ulihifadhiwa vizuri kuliko makumbusho mengi yanavyoweza kuhifadhi.

Nimeuona mfano wa jambo hili katika ufukwe wowote wa kwetu wenye majahazi. Jahazi linalosafiri hupigwa deheni kwa wakati wake, hukalafatiwa pale linapovuja, na mbao zake hukaa zimeshiba maji. Jahazi lililopandishwa mchangani likingoja mgao wa urithi hukauka, mbao huachana, na siku ya kulishusha hujaa maji. Chuma nacho kina namna yake ya kukauka. Mashine isiyowashwa hushika kutu ndani ya silinda. Kizuizi cha maji kwenye shafti ya rafadha hukakamaa na kuanza kudondosha. Maji ya mvua hupita kwenye sitaha iliyopasuka, hujikusanya kwenye ngama, na kula bamba kutoka ndani ambako hakuna aliyepaka rangi. Chombo kilichofungwa gatini “kwa muda” huharibika upesi kuliko kile kinachopigizwa kwenye kuta za malango kila siku.

Kukarabati chombo cha namna hii ni ufundi wa peke yake, na makosa yake huonekana baada ya miaka. Chukua mwili wa boti ulioungwa kwa ribiti. Ribiti hushika kwa sababu ilipigwa ikiwa nyekundu kwa moto na kusinyaa ilipopoa, ikizibana bamba mbili. Fundi wa leo akichomelea jirani yake, joto huitanua na kuilegeza, na mahali palipokuwa hapavuji panaanza kuvuja. Kwa hiyo kiraka kimoja huzaa cha pili. Njia rahisi ni kuchomelea bamba jipya juu ya lile lililoliwa, lakini unyevu hunaswa katikati na kutu huendelea gizani, huku boti ikizidi kuwa nzito na kuketi chini zaidi majini. Njia ya haki ni kukata bamba bovu lote, kutazama mataruma nyuma yake, na kuweka jipya. Hii hula muda na fedha, na humlazimu fundi kujua chombo kilijengwaje kabla hajashika kikata chuma.

Tuje kwenye tagi inayopendwa kuliko zote. Urger ilijengwa mwaka 1901 huko Ferrysburg, Michigan, ikiwa boti ya uvuvi ya Maziwa Makuu yenye jina la Henry J. Dornbos. Ina urefu wa mita 22 hivi. Katika miaka ya 1920 jimbo la New York liliinunua, likaibadilisha jina na kuipeleka mferejini. Ilianza kwa mvuke. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikawekewa injini ya dizeli ya Atlas Imperial yenye silinda sita, nzito na ya mwendo wa polepole.

Injini hii haina giya ya kurudi nyuma. Nahodha akitaka kurudi nyuma, fundi chini huizima, huisogeza mihimili inayofungua vali, kisha huiwasha upya kwa hewa iliyoshindiliwa, safari hii ikizunguka kinyume. Na nahodha hawezi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu chumba chake cha usukani hakina mkono wowote unaofika kwenye injini. Ana kamba za kengele tu. Huvuta, kengele inalia chini, na fundi asiyeona mto, lango wala ukuta unaokaribia hutii alichosikia. Injini inahitaji kutiliwa mafuta kwa mkono kila baada ya muda mfupi, na mwenye sikio zuri hujua silinda ipi haijatulia kabla geji yoyote haijasema. Watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, hawaonani, na kati yao kuna tani nyingi za chuma zinazoingia kwenye chumba cha zege chenye nafasi isiyosamehe. Ujuzi huo hauandikiki ukatosha. Hupokewa kwa kukaa pamoja, msimu baada ya msimu.

Urger ilivuta matishari na mitambo hadi miaka ya 1980. Kuanzia 1991 ikapewa kazi nyingine, kuwatembelea wanafunzi. Ilifunga gati mji baada ya mji, watoto wakapanda, wakasikia kengele, wakaelezwa kwa nini miji yao ilizaliwa pale ilipo. Mwaka 2001 iliandikishwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Kwa maoni yangu huu ndio ustaafu uliofanikiwa kuliko wote katika habari hii, na sababu yake ni kwamba haukuwa ustaafu hasa. Boti ilibadilishiwa kazi ikabaki na mabaharia wake, ratiba yake na zamu yake ya chelezo.

Usimamizi wa mfereji nao ulikuwa ukihamahama. Mwaka 1992 ulipelekwa kwa mamlaka ya barabara kuu ya kulipia ya jimbo, na Januari 2017 ukakabidhiwa kwa Mamlaka ya Umeme ya New York. Muda si mrefu baada ya makabidhiano hayo ukatangazwa mpango wa kuipandisha Urger nchi kavu na kuiweka kituo cha mapumziko kando ya barabara hiyo kuu, katika bonde la Mohawk, wasafiri waitazame wakinunua kahawa. Upinzani ulikuwa mkali. Watu wa miji ya mfereji, wapenzi wa tagi, hata wanasiasa walisimama kuipinga.

Kabla sijawalaumu walioamua, niwape haki yao, kwa kuwa hoja zao si za kubuni. Dreja ya kale huhitaji watu wengi pale ambapo ekskaveta iliyofungwa juu ya tishari huhitaji wawili au watatu. Vipuri vya injini ya miaka ya 1940 havipo dukani; huchongwa kimoja kimoja. Rangi za zamani zina risasi, mabomba yamefungwa asbesto, na mwajiri wa leo hawezi kumwingiza kijana humo kama babu yake alivyoingizwa. Ngazi ni za wima, mikanda na magurudumu hayana vizuizi, kelele ni za kutia uziwi. Fedha inayookoa tagi moja ingeweza kurekebisha mlango wa lango, na mlango wa lango ukivunjika hakuna tagi itakayopita, kongwe wala mpya. Mhandisi anayebeba mzigo wa mabwawa na kingo juu ya miji ya watu ana haki ya kuuliza boti ya mwaka 1901 inasaidia nini.

Swali lake ni halali. Kosa liko katika wakati linapoulizwa. Huulizwa boti ikiwa imeshafungwa gatini miaka kadhaa, fundi wake wa mwisho akiwa amestaafu, makadirio ya ukarabati yakiwa yamepanda mara tatu kwa sababu ya uzembe wa miaka hiyo hiyo. Hapo jibu huwa limeshajiandika. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani; lakini kuna chombo kilichonyang’anywa usukani kwanza, kisha kikaambiwa kinazama.

Sheria nayo ina mkono mwepesi. Kuandikishwa katika Rejista ya Taifa ni heshima, wala hakumzuii mwenye mali kuivunja mali yake. Sheria ya jimbo ya uhifadhi ya mwaka 1980 huzitaka taasisi za jimbo zishauriane na ofisi ya uhifadhi pale hatua zao zinapogusa mali ya kihistoria, na mashauriano hayo huweza kuchelewesha au kurekebisha uamuzi. Mwishoni mwa 2016 mfereji huu wa 1918 ulipandishwa hadhi na kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa. Ukuta wa lango haukimbii, unaweza kulindwa kwa karatasi. Boti hulindwa na rangi, grisi na watu.

Sasa, chombo kikishafika mwisho wa kazi, kiende wapi?

Kukipandisha nchi kavu huonekana kuwa njia ya katikati, isiyomuudhi mtu. Mimi naiona kuwa mbaya kuliko zote. Boti iliumbwa ibebwe na maji kila upande. Ikikalia magogo machache, uzito hukusanyika pale inapogusa na mwili hujipinda. Jua na theluji huila kutoka juu, maji ya mvua hukaa ndani, na hakuna baharia wa kuyakumba. Baada ya miaka kumi na tano ya kupigwa picha huwa haiwezi tena kurudi majini, na siku hiyo wakataji huitwa bila mtu kulalamika, kwa kuwa imeshakuwa sanamu bovu. Kupandishwa nchi kavu bila paa na bila fundi ni kukatwakatwa polepole.

Kuikabidhi kwa makumbusho kunategemea makumbusho. Day Peckinpaugh, meli ya mizigo ya mita 79 iliyojengwa Duluth, Minnesota, mwaka 1921, ilikuwa meli ya injini ya kwanza kubuniwa mahususi kwa malango ya mfereji huu. Ilibeba nafaka, baadaye saruji, na ilipomaliza kazi mwaka 1994 biashara ya namna yake mferejini ilimalizika nayo. Mwaka 2005 ilikuwa ikielekea kuwa chuma chakavu, ikaokolewa na kuwa mali ya Makumbusho ya Jimbo la New York. Kuiokoa kulikuwa tendo jema. Lakini mita 79 za chuma ni mzigo wa kila mwaka, na kuokoa huchukua siku moja wakati kutunza hakuna siku ya mwisho.

Waingereza walilijua hili mapema. Kwenye mifereji yao myembamba ubebaji wa mizigo ulidhoofika hadi baridi kali ya 1962 na 1963, maji yalipoganda kwa majuma mengi na bodi mpya ya mifereji ikaachana na sehemu kubwa ya boti zake za mizigo. Nyingi zilichomwa au kuzamishwa kwenye mabwawa ya kando. Mwaka 1976 makumbusho ya boti yalifunguliwa Ellesmere Port, yakakusanya kwa moyo mkunjufu kila aina, mbao na chuma, mpaka idadi ikaizidi nguvu ya kuzitunza. Baadhi ya boti za mbao zikaachwa chini ya maji ya gati kwa makusudi, kwa kuwa mbao iliyozama huoza polepole kuliko mbao inayolowa na kukauka. Ukitembea juu ya ukuta wa makumbusho unatazama mkusanyo uliolala chini ya maji.

Kutokana na machungu hayo lilizaliwa jambo ambalo New York ingeweza kuliazima. Taasisi ya Uingereza ya meli za kihistoria ilitoa, kuanzia 2007, mfululizo wa miongozo: mmoja wa kuweka kumbukumbu za chombo, mmoja wa kukihifadhi, na mmoja wa kukifungua, yaani kukivunja kwa utaratibu. Huo wa kuvunja ndio unaonivutia. Unakubali waziwazi kwamba vyombo vingi havitaokolewa, halafu unadai kwamba kuvunjwa kwake kuwe elimu: chombo kipimwe, mistari ya mwili wake ichorwe, kila kiungo kipigwe picha kinapofunguliwa, vipuri vihamishiwe kwa ndugu zake wanaoendelea kuishi, na waliokifanyia kazi wahojiwe wakiwa bado hai. Boti ikivunjwa hivyo hufundisha hata siku yake ya mwisho, wakati mwingine kuliko ilivyofundisha ikiwa imefungwa gatini na mlango wake kufuli.

Ningepewa mimi kupanga, ningechagua vyombo vichache sana, kila kimoja cha aina yake: tagi moja au mbili, dreja moja, kreni moja, boti moja ya maboya. Hivyo vingebaki mferejini vikiwa na mabaharia wanaolipwa na wanafunzi wanaowekwa kwa mkataba, vikifanya kazi nyepesi ya kweli kwa majuma kadhaa kila msimu. Mwezi mmoja wa kazi huifaa mashine kuliko mwaka wa kusifiwa. Vilivyobaki vingefunguliwa kwa utaratibu wa Waingereza, na injini zake zikawa ghala la vipuri. Najua wapenzi wa tagi hawatanishukuru kwa idadi hiyo ndogo. Lakini nimeona mahali pengi ambapo kutaka kuokoa zote kumeacha zote zikioza kwa usawa.

Mwaka 2025 mfereji ulitimiza miaka 200. Buffalo, kituo cha ufundi wa boti kilikuwa kimeunda upya Seneca Chief ya gavana Clinton kwa mbao, mikono ya wenyeji wa kujitolea ikishika randa na patasi kwa miaka kadhaa, na Septemba ya mwaka huo boti hiyo ikaanza safari ya kwenda New York. Sina neno baya juu yake. Watu mamia walijifunza kupinda mbao na kukalafati, na ujuzi huo sasa unaishi. Lakini Seneca Chief, kama mama yake wa 1825, haina injini. Nyumbu wamekwisha. Ilisafiri kwa nguvu ya tagi ndogo iliyoandamana nayo, na mbele ya umati tagi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Nirudi kwenye kuzamisha. Kuna njia mbili za kupeleka chombo chini. Ya kwanza ni ile ya Reliable; ya pili ni hii. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliamua Graf von Götzen isiangukie mikononi mwa adui. Mafundi walioiunga upya mwaka mmoja tu kabla yake walipewa amri ya kuizamisha. Kabla ya kufungua maji walishuka chumba cha mashine wakazipaka injini grisi nzito, kila mhimili, kila sehemu inayoteleza, kisha wakaipakia mchanga ikae wima na wakaiachilia chini karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Walitarajia kurudi wao. Waliorudi ni Waingereza, walioiibua mwaka 1924, wakafuta grisi ile, wakakuta injini na maboila yanafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu kwa jina la Liemba.